Mrejesho: ile mikono yangu iliyokuwa ikibambuka

Wapendwa nimerudi. Mnakumbuka niliuliza mbona viganja vinabambuka na vidole vinapasuka mpaka damu, na kazi yangu ni kufulia watu nguo huku Kondele, Kisumu. Wengi mlisema fangasi, nami nilikuwa nishapaka dawa yake ikaniwasha tu bure. Nikaenda kliniki, daktari akaangalia katikati ya vidole, wakakwangua ngozi kidogo wakapima, fangasi hakuna. Ni sabuni ya unga na blichi, zinaondoa mafuta ya ngozi inakauka inapasuka. Akanipa haidrokotisoni, krimu ya kutuliza mwasho, nipake kidogo kwa wiki mbili, isizidi. Lakini kilichoniokoa jamani ni mafuta ya mgando, kila nikitoa mikono kwa maji napangusa polepole napaka kabla haijakauka kabisa, usiku napaka mengi navaa soksi za pamba mikononi. Nikifua ni glavu za mpira na ndani za kitambaa, kwa sababu jasho nalo huwasha. Sasa ni wiki ya 5, ule ufa wa kidole gumba uliokuwa ukinichoma nikikamulia omena ndimu umefunga. Na dada uliyeniambia nivue pete nikifua, asante sana, sabuni ilikuwa inajificha hapo chini na ndipo palikuwa pabaya zaidi.