Mrejesho: muwasho ukeni umeisha

Dada zangu, ni mimi wa Kadutu, Bukavu, niliyeuliza juu ya muwasho ukeni na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Baadhi yenu mlinishauri nijioshe ndani kwa maji ya chumvi na limau. Nilijaribu siku mbili, nikaungua vibaya. Tafadhali, msimwambie mwanamke mwingine hivyo.

Kwenye kituo cha afya walipima ute kwa hadubini: kandida, yaani fangasi. Mama muuguzi akauliza kama nimemeza antibiotiki. Kumbe ndiyo, amoksisilini ya kifua! Inaua hata bakteria wazuri wanaolinda uke, fangasi wanapata nafasi. Akapima na sukari, maana ikipanda fangasi hurudirudi, iko sawa. Kwa kuwa nina mimba ya miezi minne, hakunipa flukonazoli ya kumeza, bali klotrimazoli ya kuweka ukeni, miligramu 100 kila usiku kwa siku 7. Usiku wa tatu nililala vizuri, lakini nilimaliza zote.

Aliyeuliza kama mume naye atibiwe: hapana, isipokuwa naye anawashwa. Huu hauhesabiwi ugonjwa wa zinaa. Nilikuwa nimeanza kumshuku baba watoto bure, nimemwomba msamaha.

Na wewe mwenye uchafu wa kijivu wenye harufu ya samaki, huenda yako si fangasi. Usinunue dawa yangu, nenda ukapimwe kwanza.