4294967297 inapita jaribio la Fermat kwa msingi 2. Ni tasa kweli?

Swali

Wakuu, nina namba n = 4294967297, yaani 2^32 + 1. Nikipandisha 2 hadi kipeo n − 1 kisha nikagawanya kwa n, baki ni 1, kama inavyotakiwa kwa namba tasa. Nikiweka 3 badala ya 2, baki ni 3029026160. Nishike lipi? Na kama si tasa, vigawo vinapatikanaje bila kujaribu kila namba hadi 65536?

Jibu la 1

Shika la 3. Namba tasa ingeacha baki 1 kwa kila msingi isioweza kuugawa, kwa hiyo baki jingine likitokea hata mara moja, kesi imekwisha. La 2 halithibitishi chochote hapa: 2^32 inaacha baki −1 (yaani n − 1), hivyo 2^64 inaacha 1, na n − 1 ni kigawe cha 64. Kila namba ya Fermat, yaani ya umbo 2^(2^m) + 1, inapita jaribio la msingi 2, iwe tasa au isiwe. Usilitumie kabisa kwa familia hii.

Vigawo: chukua p, namba tasa inayogawa n. Ukigawanya kwa p, kipeo kidogo kabisa kinachoipa 2 baki 1 ni 64, na kipeo hicho lazima kigawe p − 1. Basi p = 64k + 1. Umbo hilo ni la mwanahisabati Euler, aliyeitangaza 641 mwaka 1732. Mwenzake Lucas akalibana mwaka 1878 kuwa 128k + 1. Orodhesha: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa ni 257 na 641 tu. 257 ni 2^8 + 1, na namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, iruke. Inabaki 641:

4294967297 = 641 × 6700417

Jibu la 2

Kwa asiyetaka kugawanya: 641 = 5 × 2^7 + 1, na pia 641 = 5^4 + 2^4. Ya kwanza inasema 5 × 2^7 inaacha −1 ukigawanya kwa 641. Ipandishe kipeo cha 4, 5^4 × 2^28 inaacha 1. Ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4. Badilisha: −2^32 inaacha 1, hivyo 2^32 + 1 inaacha 0. Mstari mmoja, na mzuri mno.

Msiiache 6700417 bila kuhakikiwa. Kipeuo chake cha pili ni kama 2588, na tasa za umbo 128k + 1 chini ya hapo ni 257, 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki yake kwa mpangilio ni 170, 44, 120, 334, 622. Ni tasa.

Muulizaji

Nimeelewa, asanteni. Mbona nikiandika programu kwa lugha ya Java kwa kutumia long (aina ya namba nzima ya biti 64) baki linatoka hasi?

Jibu la 1

Mkuu, long inaishia 9223372036854775807, ila mraba wa baki unaweza kufika 2^64, mara mbili ya hapo. Tumia BigInteger (namba nzima zisizo na kikomo hicho) na modPow yake, inayopandisha kipeo na kutoa baki. Kwa Python andika pow(3, n-1, n), si 3**(n-1) % n, maana hiyo ya pili inajenga kwanza namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili. Kupima programu yako, weka kipeo (641 − 1) × (6700417 − 1) = 640 × 6700416 = 4288266240 kwa msingi 3: baki lazima liwe 1.