Simu kanisani wakati wa misa, mnafanyaje huko kwenu?

Mama wa Shangani: Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Niko hapa Mtwara mjini, jumapili misa ya kwanza padre ameinua Hostia, ule mkate wa Ekaristi, kengele imelia, kimya kabisa, mara simu ya kaka mbele yangu ikaita singeli kwa sauti yote, na akaipokea! "Niko kanisani ntakupigia." Kweli iliniuma, ile sala yangu haikurudi tena. Nimwambie au ninyamaze?

Kijana wa Ndanda: Milele na milele, Amina. Mwambie mama, ila nje, kwa upole, msimu huu wa korosho watu wanasubiri simu za malipo roho juu. Papa Fransisko aliligusa hili Novemba 2017, alisema padre anasema inueni mioyo, hasemi inueni simu mpige picha, na alisema inamsikitisha hata akiona mapadre na maaskofu wanafanya hivyo.

Dada wa Nachingwea: Mi naomba tusihukumu haraka jamani, masomo ya siku nasoma kwenye simu maana misale, kitabu cha misa, sina, naweka mode ya ndege simu isiite kabla sijaingia, data haihitajiki ukishadownload. Anayechat anajulikana tu, dole gumba halitulii.

Mama wa Shangani: Asante dada, hiyo ya ndege sikuijua, ntamwonyesha na yule kaka jumapili.