FPN (faini ya papo hapo) ya mbwa na fomu ya ILR (ukaazi wa kudumu Uingereza), wadau naombeni msaada

mama_wawili, Leicester
Wadau salaam. Tulitoka na watoto na mbwa wetu mpaka Edale kule Peak District, tukatembea weee, halafu tukala pub ya Old Nags Head pale njia ya miguu ya Pennine Way inapoanzia, mbwa kalala chini ya meza na bakuli lake la maji hana habari na mtu. Sasa njiani kurudi tukasimama bustani ya kaunsili moja watoto wajisaidie, mbwa akachomoka kwenye gari bila kamba, hata dakika mbili hazijaisha dada mmoja wa jaketi la njano huyo, kimashine mkononi, FPN pauni 100, eti PSPO, amri ya kaunsili ya maeneo ya umma. Na mwezi wa tisa naingiza SET(M), ile fomu ya ILR ya wenza. Hii naiandika kwenye fomu au siiandiki??

mzee_wa_tanga, Reading
Pole mwanangu. Shukuru ni kaunsili, angekuwa mkulima ungelia. Mbwa wa jirani yangu alifukuza kondoo, mwenye shamba akatoka na bunduki, na sheria inamruhusu kupiga kama hana njia nyingine ya kumzuia. Tarehe 1 Machi mpaka 31 Julai kamba ni lazima kila mahali, isizidi mita 2.

msee_wa_kisumu, Leeds
Si kila mahali mzee, tusipotoshane tafadhali. Hiyo ni CROW, sheria ya watembea kwa miguu, na ni kwenye access land peke yake, yaani ardhi ya wazi walioruhusiwa kutembea. PSPO ni kitu tofauti kabisa, kaunsili inaweka kibao. Kibao kilikuwepo? Ulipiga picha? Btw wenye mbwa nendeni Tan Hill Inn, pub iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528, mbwa wanaingia na matope yao. Ndiyo ile watu walinaswa na theluji Novemba 2021 wakalala siku tatu.

binti_mji_mkongwe, Milton Keynes
Mie nacheka tu. Mbwa ndani ya gari, mbwa chini ya meza! Hilo gari mnaliosha mara saba, moja kwa udongo? Bibi yangu angesikia asingepanda tena.

mzee_wa_tanga, Reading
Binti, swali ni ILR si najisi. Mama wawili, lipa ndani ya siku 14, ukilipa si conviction, yaani hujatiwa hatiani. Usipolipa ndio unapelekwa mahakama ya magistrates, hapo sasa unaharibu.

kaka_sinza, Cardiff
Conviction au si conviction andika kila kitu! Jamaa yangu alificha faini ya gari, maombi yakarudi na hela imeliwa. Ila na nyie mnakimbilia ILR halafu pasipoti nyekundu halafu uraia wa nyumbani ndo basi, wakati wenzetu Wakenya uraia pacha wanao tangu katiba ya 2010. Sisi Watanzania miaka yote ni ahadi tu za wakubwa wakija huku kula pilau letu.

msee_wa_kisumu, Leeds
Karibuni Kenya 😂 Na pasipoti ni ya bluu siku hizi, ndugu.

kaka_sinza, Cardiff
Rangi haihusu!! Mimi mama yangu ana kiwanja Kibaha, nikichukua hiyo bluu yenu nakirithi kama nani?

mama_wawili, Leicester
Jamani. Kibao kilikuwepo, nyuma ya mti. Fomu je?

binti_mji_mkongwe, Milton Keynes
Hiyo pub ya Edale, chakula chao kuna samaki? Na parking ipo? Shemeji yangu anataka kupeleka watoto wikiendi. Bila mbwa.