Naomba ushauri: wazazi kuleta mahindi na maharagwe kwa chakula cha mchana shuleni

Ndugu wanachama, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali wilayani Masindi, Uganda. Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, jukumu la kuwalisha wanafunzi ni la wazazi, na kwa kuwa wengi wetu tuna mashamba kuliko fedha taslimu, tumekubaliana kwamba mzazi atoe mahindi na maharagwe aliyovuna mwenyewe, badala ya shule kununua unga wa posho (ugali) kwa mfanyabiashara.

Shida imo katika kupokea. Wapo wanaoleta punje ambazo ukiziuma hazivunjiki, bali zinabonyea. Huwa tunazitikisa pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Lakini mzazi aliyesukuma gunia kwa baiskeli kutoka mbali ni vigumu kumrudisha nalo, na tukiyapokea yakaota ukungu, sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Je, shule iyaanike yenyewe kwenye turubai na kuyapima uzito baada ya kukauka, au ipokee makavu tu? Mzazi asiye na shamba apangiwe nini, bila wenzake kunung'unika? Aidha, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo watoto wetu (na walimu pia) wanavipenda kuliko posho, havikai sana ghalani. Waliowahi kuviingiza kwenye ratiba ya shule walivipangaje?