Nimealikwa chakula cha mchana kwenye mgahawa wa Waperanakan huko Singapuri: nijiandae vipi?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Mwezi ujao nitakuwa Singapuri kwa mafunzo ya wiki mbili, na wenyeji wetu wameshatuandikia kwamba Jumamosi ya kwanza watatupeleka eneo la Katong, kwenye mgahawa wa jadi wa Waperanakan, tule chakula cha mchana na baadaye tuonje vitamutamu vyao viitwavyo kueh. Mimi nimekulia ugali wa muhogo, migebuka na mboga zilizoungwa kwa mawese, na nisingependa kuketi mezani kwa watu bila kujua habari zao wala za chakula chao. Tena mimi ni Muislamu, na nimesikia kwamba nyama ya nguruwe hutumika sana katika mapishi hayo. Je, nitapata cha kula bila kumvunjia heshima mwenyeji wangu? Halafu kuna mama yangu, ambaye huuza vitumbua na kalimati hapa Mwanga. Ameniagiza nimletee walau vitamutamu viwili vitatu aonje, nami sijui kama vinasafirika.

Mzee wa Kitete (Tabora)

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nilisoma Singapuri miaka ya nyuma, na migahawa ya aina hiyo niliizoea. Neno peranakan limetokana na anak, ambalo kwa Kimalei ni mtoto, na maana yake ni mtu aliyezaliwa hapo hapo. Mababu zao walikuwa wafanyabiashara wa Kichina waliofika Melaka, ambayo leo iko Malesia, na bandari za jirani tangu karne ya 15. Walilazimika kungoja upepo wa msimu ugeuke ndipo warudi kwao, na katika kungoja huko baadhi yao wakaoa wanawake wa huko wakabaki. Wanaume wao huitwa Baba na wanawake Nyonya, ndiyo maana utasikia pia chakula cha Nyonya. Sisi wa Tabora na ninyi wa Ujiji, ambao miji yetu ilikuzwa na misafara ya pwani, tunalijua vizuri jambo la mgeni wa biashara kugeuka mwenyeji.

Kuhusu nguruwe, mwandikie mwenyeji wako leo, usisubiri mpaka sahani ziwe mezani. Singapuri ina mchanganyiko wa dini, na swali hilo halimshangazi mtu yeyote. Mwulize kama mgahawa una cheti cha halali cha MUIS, yaani Baraza la Dini ya Kiislamu la nchi hiyo. Migahawa mingi ya jadi haina cheti hicho, lakini ipo ya Kiperanakan iliyo nacho, na mwenyeji muungwana atabadilisha mahali kwa furaha akijulishwa mapema. Usitegemee majina ya vyakula peke yake. Babi pongteh utaiepuka kwa urahisi, kwa sababu babi kwa Kimalei ndiyo nguruwe. Ila chap chye, ambayo ukiitazama utadhani ni mboga tupu za kabichi na uyoga, mara nyingi hupikwa pamoja na nyama hiyo.

Ukipata mgahawa wenye cheti, agiza ayam buah keluak. Ni kuku katika mchuzi mzito wa ukwaju, pamoja na mbegu nyeusi za mti uitwao kepayang. Mbegu hizo zikiwa mbichi zina sumu ya sianidi, kwa hiyo huchemshwa, kisha hufukiwa kwenye majivu na udongo kwa muda wa siku 40 hivi, na mpishi huziloweka tena siku kadhaa kabla ya kuzipika. Mtu wa Kigoma, anayejua kwa nini muhogo mchungu hulowekwa kabla ya kuanikwa na kusagwa, ataelewa mara moja. Nyama yake ya ndani ni nyeusi kama lami, ina uchungu kidogo na harufu ya ardhi, nawe huichokonoa kwa kijiko kidogo na kuichanganya na wali. Katika mapishi ya zamani mpishi huitoa nyama hiyo, akaisaga pamoja na kamba au nguruwe, kisha akairudisha ndani ya ganda. Kwa hiyo pale pasipo na cheti hata sahani hii ya kuku ina mashaka.

Mama wa Ujiji

Mwanangu Mwalimu, mzee wa Kitete amesema vema, ila amekujaza mbegu akasahau viungo, na viungo ndivyo roho ya chakula chenyewe. Niliishi Penang, huko Malesia, miaka minne mume wangu alipokuwa masomoni, na jirani yangu alikuwa Nyonya mtu mzima. Kila asubuhi nilimsikia akitwanga rempah kwenye kinu cha mawe: vitunguu vidogo vyekundu, pilipili, manjano, khulinjani, mchaichai na belacan, ambayo ni uduvi waliochachushwa na kukaushwa. Akishatwanga hukaanga kwa moto mdogo, bila haraka, mpaka mafuta yajitenge. Husimuliwa kwamba zamani mama mkwe mtarajiwa alimpima binti kwa kusikiliza mlio wa mchi wake tu. Sahani huwekwa katikati, kila mtu akachota kidogo juu ya wali wake. Wenyewe kwa asili hula kwa mkono, ingawa mgahawani utapewa kijiko na uma.

Usishibe wali, nakusihi, maana kueh ndizo zitakazokumbusha nyumbani. Karibu zote ni mchele, tui la nazi na sukari nyeusi ya utomvu wa mnazi, gula melaka, inayofanana na sukari guru lakini yenye harufu ya moshi. Ondeh-ondeh ni kidonge cha kijani kilichoviringishwa katika nazi iliyokunwa, na sukari iliyoyeyuka imo ndani. Kiingize chote mdomoni ufunge midomo, kwani ukikiuma nusu kitakurukia nguoni. Kueh lapis hupikwa kwa mvuke tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lazima lishike kabla jingine halijamiminwa, kwa hiyo mtu hasimami mbali na jiko. Kueh salat ina wali wa kunata chini, uliotiwa rangi ya buluu kwa maua, na juu yake mchanganyiko laini wa mayai, tui na maji ya pandan, jani la jamii ya mkadi wetu wa pwani.

Hizo zote hazisafiriki. Tui huchacha siku hiyo hiyo, na ukiziweka kwenye friji mchele unakakamaa. Mnunulie mama tati za nanasi, yaani vitamutamu vya unga vyenye jamu ya nanasi, ambazo ni kavu na huvumilia siku nyingi, lakini uliza kwanza kama hazikutiwa mafuta ya nguruwe. Mgahawa ukiwa na mashaka, soko la Geylang Serai lipo karibu na Katong, na Wamalei huuza hapo kueh za halali.

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mama, na shikamoo mzee. Nimemwandikia mwenyeji, naye amejibu jioni hii hii kwamba atatafuta mgahawa wenye cheti, na ameshukuru kujulishwa mapema. Mama yangu amesikitika kidogo kuhusu tui, lakini anauliza kama ipo kueh moja anayoweza kuijaribu mwenyewe hapa Mwanga.

Mama wa Ujiji

Marahaba, mwanangu. Ajaribu bingka ubi, ambayo ni muhogo mbichi uliokunwa, ukachanganywa na tui zito, sukari na mayai, kisha ukaokwa mpaka juu uwe wa kahawia. Mimi huoka kwa sufuria yenye makaa juu na chini, nayo hutoka vizuri. Akamue maji ya muhogo kidogo tu, asiukaushe kabisa. Na achague muhogo mtamu, ule tunaotafuna mbichi. Mchungu asiuguse kwa kazi hii, maana hapa hakuna kuloweka.