Kerbal Space Program: roketi inapinduka kabla ya kutoka kwenye angahewa

Kijana wa Gangilonga, Iringa

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi na wenzangu wawili tumeitumia likizo hii kucheza Kerbal Space Program, mchezo wa kuunda na kurusha roketi, kwenye kompyuta ya mjomba wangu, na lengo letu ni kuiweka setilaiti moja kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka, wa Kerbin, sayari ya kubuniwa ya mchezo huo. Wiki nzima imepita na hatujafanikiwa. Roketi huondoka vizuri kwenye jukwaa na hupanda wima bila kutikisika. Ikifika kama kilomita 10 tunailaza nyuzi 45 kuelekea mashariki, kama mwongozo tuliousoma unavyoagiza, na hapo ndipo pua huanza kwenda pembeni. Tunaivuta kuirudisha, inakataa, na kufumba na kufumbua mkia umekuwa mbele na pua nyuma.

Roketi yenyewe ina hatua mbili. Juu kabisa kuna setilaiti ndani ya kifuniko ambacho ni kipana kuliko mwili wa roketi, na chini yake tangi dogo lenye injini yake. Hatua ya kwanza ina matangi matatu marefu na injini ya Reliant, tuliyoichagua kwa sababu ina msukumo mkubwa kuliko Swivel, injini nyingine ya mchezo. Ubavuni tumefunga roketi saidizi mbili za mafuta yabisi, ambazo huisha na kutupwa muda mfupi kabla ya kufika hizo kilomita 10. Mapezi, yaani vibawa vya mkiani, hatukuweka, kwa kuwa tuliona yataongeza uzito bure. Mfumo wa SAS, unaoishikilia roketi isiyumbe, huwa tumeuwasha tangu mwanzo, na jana tuliongeza magurudumu mawili ya kudhibiti mwelekeo, yanayozunguka ndani ya roketi, lakini hali ni ile ile. Tunaomba kujua kosa liko wapi.

Dereva wa Uyole, Mbeya

Pole sana, mdogo wangu. Mimi nimepakia viazi miaka mingi kutoka huku Uyole kwenda Dar es Salaam, na ninachokijua ni kwamba gari ambalo mzigo wake mzito umekaa juu halishuki mlima wa Kitonga salama. Mzigo mzito hukaa chini, mwepesi juu, ndipo gari litulie kwenye kona. Nadhani na roketi yenu ina uzito mwingi juu kwa sababu ya hiyo setilaiti. Jaribuni kuongeza uzito mkiani, au kuishusha setilaiti iwe karibu na injini.

Mwalimu wa Mafinga

Ninamheshimu sana ndugu yetu wa Uyole, na kwa gari lililosimama barabarani maneno yake ni sahihi kabisa. Gari hupinduka kwa kuzunguka pale tairi zinapogusa lami. Roketi ikishaondoka jukwaani haigusi kitu. Huzunguka kwenye kitovu chake cha masi, yaani pale uzito wake wote unapolingana, na uzito wenyewe, kwa kuwa unavuta hapo hapo kwenye kitovu, hauwezi kuizungusha upande wowote. Ukiongeza uzito mkiani, utaharibu zaidi.

Msione aibu kwa fikra hiyo, kwani hata mabingwa waliwahi kuwa nayo. Mmarekani Robert Goddard aliporusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika, tarehe 16 Machi 1926 huko Auburn, Massachusetts, aliiweka injini juu na matangi chini, akitumaini kwamba matangi yangening'inia kama timazi la fundi mwashi na kuinyoosha roketi. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu tu na kuanguka shambani. Injini inapoinama pamoja na mwili, msukumo nao huinama, kwa hiyo hakuna timazi hapo. Baadaye aliirudisha injini chini, na katika miaka ya 1930 akaongeza jairoskopu, kifaa kinachozunguka na kutambua roketi inapoinama, pamoja na vibao vya kugeuza moto unaotoka mkiani.

Kinachoipindua roketi yenu ni hewa. Fanyeni jaribio hili, halihitaji kompyuta wala umeme. Chukueni bua la muhindi lililokauka, urefu wa mkono mmoja. Bandikeni donge la udongo wa mfinyanzi kwenye ncha moja, na kwenye ncha ya pili mchomeke manyoya matatu ya kuku. Lirusheni donge likiwa mbele: litakwenda sawa kama mshale. Sasa lirusheni manyoya yakiwa mbele. Litasafiri hatua chache, litayumba, kisha litageuka lenyewe mpaka donge litangulie. Mimi hulifanya jaribio hili na wanafunzi wangu uwanjani kila mwaka, na lile geuko la pili ndilo mnaloliona kwenye kioo cha kompyuta. Kifuniko chenu kipana ndiyo manyoya yaliyowekwa mbele. Hewa hukisukuma kwa nguvu, mkiani hakuna kitu cha kushikwa na hewa, kwa hiyo roketi inatafuta kuruka kinyumenyume, jambo ambalo kwa umbo lake ndilo lililo sahihi.

Mmesema roketi saidizi hutupwa muda mfupi kabla ya kupinduka. Sentensi hiyo nimeisoma mara mbili. Zile mbili za ubavuni, kwa kuwa zimekaa chini, zilikuwa zikifanya kazi ya manyoya ya mkiani bila ninyi kujua. Mkizitupa, mkia unabaki mtupu wakati mwendo ni mkali, na saa hiyo hiyo ndipo mnapoilaza roketi.

Tiba yake ni mapezi manne, chini kabisa, kadiri yanavyoweza kuwa mbali na kitovu cha masi. Karakana ya mchezo, pale mnapoundia roketi, huonyesha kitovu hicho kwa alama ya njano, na kitovu cha nguvu za mbawa kwa alama ya buluu. Ya buluu iwe chini ya ile ya njano. Hata hivyo msiitegemee peke yake, maana huhesabu mbawa na mapezi lakini haionyeshi jinsi kifuniko kipana kinavyokamatwa na hewa, kwa hiyo wekeni mapezi makubwa kuliko inavyoonekana kutosha. Bofyeni pia kila tangi la hatua ya kwanza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mpunguze mafuta kidogo kidogo hadi sifuri, mtazame alama ya njano inakoelekea. Roketi iliyojaa jukwaani si roketi ile ile ikiwa kilomita 10 juu.

Tena badilisheni injini. Reliant haigeuzi mdomo wake wa kutolea moto hata kidogo, ilhali Swivel hugeuza hadi nyuzi 3. Kwa roketi isiyo na mapezi wala injini ya kugeuka, SAS haina mkono wa kushika kitu zaidi ya magurudumu yale ya ndani. Nguvu ya magurudumu ni ile ile siku zote, lakini nguvu ya hewa, mwendo ukiongezeka mara mbili, huongezeka mara nne.

Mhandisi mwanafunzi, Iyunga, Mbeya

Shikamoo, Mwalimu. Ninaongeza upande wa urubani, kwa sababu hata roketi yenye mapezi itapinduka ikilazwa kwa namna hiyo.

Mwongozo unaosema panda wima hadi kilomita 10 kisha laza nyuzi 45 ni wa zamani. Ulifaa kabla ya toleo la 1.0 la mwaka 2015, ambalo lilibadilisha kabisa namna mchezo unavyokokotoa nguvu za hewa. Siku hizi inamisheni mapema, roketi ikifikia mwendo wa mita 50 hadi 100 kwa sekunde, na muinamishe kidogo tu, nyuzi 5 au 10. Baada ya hapo iacheni ilale yenyewe polepole kwa kuvutwa na sayari. Kwenye lile tufe la mwelekeo lililo chini ya kioo kuna duara dogo lenye vijiti vitatu, linaloonyesha roketi inakoenda kweli. Pua isiachane na duara hilo mpaka hewa iwe nyembamba sana. Angahewa ya Kerbin huishia kilomita 70, na juu ya kilomita 35 au 40 mtakuwa na uhuru mkubwa wa kugeuza.

SAS nayo ina jambo la kuangaliwa. Katika hali yake ya kawaida hushikilia pua ielekee pale pale, lakini njia ya roketi inaendelea kupinda kuelekea chini, kwa hiyo pembe kati ya pua na upepo inakua taratibu bila ninyi kugusa kitu. Kama rubani wenu ana uwezo huo, chagueni SAS ifuate lile duara.

Punguzeni na msukumo. Uwiano wa msukumo na uzito wa kama 1.5 wakati wa kuondoka unatosha. Roketi za mafuta yabisi haziwezi kupunguzwa zikishawaka, ila mnaweza kuzipunguza karakanani kabla ya kurusha.

Na haya si mambo ya mchezo tu. Roketi ya Ulaya, Ariane 5 ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, iligeuza midomo ya injini zake hadi mwisho kwa sababu ya hitilafu ya programu, ikakaa upande dhidi ya upepo, na haikumaliza dakika moja angani. Kwa upande wa mafanikio tuna mfano wa karibu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwa roketi ya Scout ambayo hatua yake ya kwanza ilikuwa na mapezi manne yenye ncha za kugeuka, pamoja na vibao ndani ya moto wa injini.

Kijana wa Gangilonga, Iringa

Shikamooni wote. Kwanza tulilirusha bua, na limegeuka kama Mwalimu alivyosema, mara tano kati ya tano. Kisha tukaweka mapezi manne na Swivel, tukapunguza nguvu ya roketi saidizi, tukaanza kuinamisha kwenye mita 80 kwa sekunde. Imepita kilomita 10 bila shida, ikapita 20, na mara ya pili tumeingia kwenye mzingo, mafuta yakiwa yamebaki kidogo sana. Mdogo wangu amepiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Limebaki jambo moja. Katikati ya safari roketi hutetemeka kama mjeledi, sehemu ya juu ikienda kulia na ya chini kushoto, ingawa haipinduki. Je, tuongeze mapezi?

Mwalimu wa Mafinga

Marahaba, na hongereni sana. Mapezi yanatosha. Viungo vyenu vimelegea: mwili unapinda, SAS inaona pua imekwenda pembeni, inageuza injini kwa nguvu, na mwili unapinda upande wa pili. Fungeni vyuma vya kukazia kati ya hatua ya kwanza na ya pili, kisha mbofye injini ya Swivel karakanani na mpunguze kiwango chake cha kugeuka hadi nusu. Mkiona bado inatetemeka, punguzeni tena.